Mndimu wa Kwenye Kaango

Mwanangu Mwantumu,

Sikuulizi hali, maana nakusikia huko uani ukigombana na zipu ya begi, na mtu mwenye nguvu za kugombana na zipu hajambo. Mimi niko barazani. Nimechukua daftari lako la zamani la hesabu, nikachana kurasa za katikati ambazo hukuziandika. Mama yako amekwisha kukupa maagizo yote ya safari: sweta mbili kwa baridi ya Amani, dawa ya tumbo, usile vya kukaanga njiani, piga simu ukifika Muheza. Sina la kuongeza hapo. Na hata ningekuwa nalo, wewe na mimi tunajua nani husikilizwa katika nyumba hii.

Nina jambo moja tu la kukwambia, nalo nimejaribu kulisema kwa mdomo mara tatu wiki hii. Mara ya kwanza nikaishia kukuuliza kama umenunua dawa ya meno. Mara ya pili nikakufanyia mzaha juu ya kandambili zako. Mara ya tatu ukaniangalia sana, ukaniuliza kama nina homa. Basi nikaona niandike. Mdomo wangu ni mwepesi wa kukimbia, wewe unaujua.

Nalitanguliza lenyewe, nisije nikapata njia ya kulizunguka. Aliyeua mndimu wangu si wewe. Ni mimi. Nimelijua hilo karibu miaka kumi na miwili, na nimekaa kimya.

Sasa nipe nafasi nikueleze tangu mwanzo, maana wewe umezaliwa ukaikuta miti yangu imejaa barazani, hujui ilikotoka wala kwa nini mtu mzima na akili zake anapoteza maisha yake kuifanya isikue.

Nilikuwa kijana, bado najifunza kazi ya mota. Nikapelekwa kutengeneza pampu kwenye nyumba kuukuu karibu na bandari. Ukutani, kwenye ufa, palikuwa na mkwaju umeota. Urefu wake shubiri moja na nusu, lakini shina lake nene kama kifundo cha mkono wangu, na matawi yametanda kama ya mkwaju mkubwa wa barabarani. Mlinzi wa pale akaniambia aliukuta siku alipoanza kazi, na sasa ana wajukuu. Haufi na haukui, akasema, umeamua tu kukaa. Nakwambia sikuweza kuifunga ile pampu sawasawa. Kila nikikaza nati moja, macho yanarudi ukutani. Ijumaa baada ya sala nikarudi na patasi, nikautoa na mizizi yake yote.

Sasa niuweke wapi? Mama yako, tulikuwa tumeoana miezi minne, alikuwa na kaango jipya la udongo alilopewa na mama yake, kaango pana la kupikia samaki. Nikalitoboa matundu matatu kwa msumari wa moto. Siku mbili nililishwa mkate mkavu na chai ya rangi, na siku ya tatu mama mkwe akaja kutoka Pangani kuniangalia usoni. Mpaka leo mama yako akinitambulisha kwa wageni husema, huyu ndiye mume wangu, hutoboa makaango.

Miaka mingi nilikuwa naiita miti ya kaango, sikujua kama ina jina jingine. Kisha akaja mhandisi mmoja Mjapani kufunga mashine mahali nilipokuwa nafanya kibarua, nikamkaribisha nyumbani kwa chai. Alipoiona miti akavua viatu, akapiga magoti mbele ya ule mkwaju, akakaa hivyo mpaka chai ikapoa. Ndipo akaniambia kwao huitwa bonsai. Nikafurahi kujua kwamba duniani kuna wendawazimu wenzangu. Majirani hawakuwahi kunielewa. Wengine waliniuliza kama miti inaumwa. Mzee wa nyumba ya pili alikuwa akisema, "Makame, huilishi, ndiyo maana."

Lakini naipenda kazi hii, mwanangu, sitakuficha. Naipenda asubuhi, kabla sijaenda kubishana na pampu za watu, nikakaa na mkasi mdogo nikauangalia mti mmoja tu. Waya naupata kwenye mota zilizoungua, shaba laini, unauzungusha kwenye tawi, unalipeleka unakotaka. Kosa langu la kwanza kubwa lilikuwa la waya. Nilifunga mkwaju ule waya, masika yakaingia, nikawa na kazi nyingi, nikausahau. Mti wa kaango nao hukua, ila hukua kimyakimya. Nilipokuja kuangalia, waya umezama ndani ya gamba. Lile kovu linalolizunguka shina ndiyo kumbukumbu yake, nawe ulipokuwa mdogo ulidhani ni nyoka. Tangu hapo kila Jumapili nakagua waya zote. Kosa la mti nililitengeneza upesi. Laiti ningekuwa mwepesi hivyo kwa mengine.

Mndimu ulikuja baada ya mkwaju. Nilikwenda Pemba kumwona bibi yako, mama yangu, na wakati wa kuondoka akanifungia ndimu kumi kwenye kanga, za mti wake wa pale Wete. Tukazikamua zote, mbegu moja nikaitia kwenye kopo. Ukaota. Nikauhamishia kwenye kaango, safari hii nililolinunua mwenyewe. Miaka minane ukanipa miiba tu. Mwaka ule uliozaliwa wewe ukatoa maua, na baadaye ndimu tatu ndogo kuliko gololi. Nikampigia bibi yako kumwambia nimepata mtoto na nimepata ndimu, akaniuliza kipi kimetangulia. Kila Idi mgeni akija nilimkatia ndimu moja kwenye mchuzi wake, kwa mkono wangu, huku nikimweleza habari za mbegu. Watu walikula mchuzi kwa subira kubwa siku zile.

Na wewe ulikuwa hapo kila wakati. Ulikuwa unachuchumaa ubavuni mwangu unashika kichupa cha maji. Ulijua majina ya miti yote. Ulijua pia siri ya mchanga wangu, nayo inabidi niieleze, maana hapo ndipo palipoharibika.

Mti wa kaango hauwekwi kwenye udongo mtupu, utaoza mizizi. Unataka mchanga mkubwamkubwa wa kupitisha maji. Wengine hununua wa mto. Mimi nilikuwa nakwenda pwani maji yakitoka, nachota ule uliochanganyika na makombe yaliyosagika, hakuna mzuri kama huo. Ila una chumvi. Basi nauosha maji saba. Baada ya maji ya saba natia punje ulimini. Nikihisi chumvi, naanza upya. Nisipohisi, nautia guniani na kulifunga kamba ya bluu. Gunia la bluu ni tayari. Gunia lisilo na kamba bado. Yote mawili yalikaa nyuma ya mlango. Nawe ulikuwa unaonja pamoja nami, unakunja uso, unatema, unasema bado baba, hata pale ambapo ulikuwa tayari, kwa sababu ulipenda kutema.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya kaskazi, joto kali. Nilikuwa nimeutoa mndimu kwenye kaango ili nipunguze mizizi, niubadilishie mchanga. Mizizi iko wazi, nimekwisha kuikata, simu ikalia. Baba yako mdogo kutoka Wete. Bibi yako amefariki, na boti inaondoka baada ya saa mbili.

Sikulia. Nilisimama tu na mkasi mkononi. Kisha nikaona mizizi inakauka mbele ya macho yangu, na ule ndio mti wake yeye, nikasema moyoni siwezi kuwapoteza wote siku moja. Nikaingia nyuma ya mlango nikavuta gunia lililokuwa karibu. Nikajaza. Sikuonja. Katika maisha yangu yote ya kazi hii, siku ile tu sikuonja. Tena kwa kuwa mama yako alikuwa akilalamika kwamba maji ya miti yanachafua baraza, nikaweka sahani kubwa ya bati chini ya kaango. Nikakuita. Nikakwambia kata moja ya maji asubuhi, kata moja alasiri, usikose hata siku moja. Ulikuwa na miaka kumi. Uliitikia kama askari.

Nilikaa Pemba mpaka arobaini. Niliporudi hukunikimbilia. Ulisimama kwenye kizingiti umeshika nguo yako. Nikaangalia mahali pa mndimu, nikaona vijiti vyeusi.

Barazani palikuwa na watu, wamekuja kunipa pole ya mama. Sikuwangoja waondoke. Nilikuuliza umefanya nini. Ukasema umemwagilia kila siku. Mama yako akatoka ndani, akaapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba hukukosa hata siku moja, kwamba siku ya mvua ulimwagilia na mwavuli. Nikamwambia anakutetea tu. Hapo ukasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo. Ulisema, "Baba, maji ya kwenye sahani yana chumvi. Nimeyaonja."

Ulifanya vile vile nilivyokufundisha. Mtoto wa miaka kumi, peke yake, ameona mti unaumwa, akatafuta sababu kwa ulimi wake, akaipata. Mafundi wazima wangeshindwa. Na mimi nikakujibu kwamba hiyo ni chumvi ya machozi yako ya uongo. Kisha nikageukia watu nikasema, "Mtoto huyu ana mkono mbaya. Asiguse mti wangu tena."

Wewe unajua maneno hayo hapa kwetu yana uzito gani. Mkono mbaya si tusi la kupita. Mwenye mkono mbaya hapewi mbegu, hapandi, hachumi wa kwanza. Watu waliokuja kunipa pole waliondoka na maneno yale, na ndani ya wiki moja yamefika Moa kwa shangazi yako.

Ule mchanga niliumwaga pembeni ya uani, kwenye tuta la mchicha la mama yako. Hazikupita wiki tatu, mchicha upande ule ukakauka, na juu ya udongo pakawa na utando mweupe. Nikainama. Nikatia ulimini. Kisha nikaenda nyuma ya mlango. Gunia lenye kamba ya bluu lilikuwa palepale, limejaa, halijafunguliwa. Nilikuwa nimetia mchanga wa pwani mbichi kwenye mizizi iliyokatwa, nikaweka na sahani, chumvi ikakosa pa kutokea. Kila kata ya maji uliyomwagia kwa utiifu wako ilikuwa inauchemsha mndimu kwenye chumvi. Hata usingemwagilia, mndimu ungekufa. Hata malaika angemwagilia, ungekufa.

Wewe ulikuwa shule. Nikasema nitamwambia jioni. Jioni ulirudi umefurahi kwa jambo fulani la kuruka kamba, nikasema nisikuharibie, nitakwambia kesho. Kesho wakaja wale wale wa barazani, nikaona nitasemaje mbele yao. Mimi, Makame bwana miti, niliyewahutubia miaka mingi habari za maji saba, nimeshindwa kuangalia kamba. Kifo cha bibi yako kinaeleza haraka yangu. Hakielezi kimya changu. Kimya changu kilikuwa ni fahari tu, na siku ya kwanza ingenigharimu aibu ya dakika tano. Kila nilivyoiacha ikawa ghali zaidi, mpaka ikanishinda kabisa, nikaanza kujiambia kwamba umesahau.

Hukusahau. Nilikuwa nakuona. Kila ukipita barazani kwenye miti yangu unaweka mikono nyuma. Miaka yote hii, Tumu, mpaka juzi umepita hivyo hivyo, msichana mkubwa mwenye cheti chake, mikono nyuma kama mtoto aliyekatazwa kugusa vyombo. Labda hujui kama unafanya hivyo. Mimi najua, kwa kuwa mimi ndiye niliyeiweka huko.

Shangazi yako Raya kule Moa, unajua anavyokupenda, lakini shamba ni shamba. Masika yakianza ukoo mzima tunakwenda kumsaidia kupanda, na yeye mwenyewe ndiye hugawa mbegu, kila mtu kiganja chake. Mwaka ule alipokufikia wewe akafunga ngumi. Akakwambia kwa upole, wewe mwanangu kaa pale winga ndege. Ndege wenyewe hawakuwapo, mbegu bado haijaingia ardhini. Ukaenda ukakaa kwenye kichuguu ukapiga kelele kufukuza hewa. Nilikuwa mistari miwili tu kutoka pale alipo, kiganja changu kimejaa mahindi. Nilikuwa najua. Nikainama nikaendelea kupanda. Tukafanya hivyo kila mwaka mpaka ikawa mzaha wa ukoo, na wewe ukawa wa kwanza kuucheka.

Shuleni pia. Mwalimu wako aliniambia siku moja, akicheka, kwamba unampa mwenzako maandazi yako ili akupandie tuta lako la bustani. Nami nikacheka naye. Niliporudi nyumbani sikuweza kula, nikamwambia mama yako tumbo limejaa gesi.

Basi hii barua ya kazi ilipokuja mwezi uliopita, mama yako akapiga vigelegele, mimi nikajifungia msalani. Kitalu cha miche, huko Amani, mahali ambapo miti ni msitu na mvua haiombwi. Wanataka kijana mmoja wa kujifunza kazi ya kitalu na mmoja wa kushika vitabu vya stoo, na kwa vyeti vyako wamekwambia uchague mwenyewe ukifika. Mimi nilijua kipi utachagua. Nilikuwa nakumbuka yule aliyekuwa akichuchumaa na kichupa. Nikatoka, nikakuuliza. Ukanijibu bila hata kufikiri, huku unakunja nguo, "Stoo, baba. Niwaulie watu miche yao kwa nini?"

Ulisema na kutabasamu. Hukuwa unanilaumu, ndiyo kilichonimaliza. Ulikuwa unasema tu jambo la kawaida, kama mtu anayesema hapendi dagaa.

Nikaona, hapa nikinyamaza tena nimekwisha. Mtoto anakwenda kuishi katikati ya miti na ameapa kutoigusa, kwa sababu ya gunia nililolivuta mimi.

Nikaanza na mama yako, juzi asubuhi, akiwa jikoni na vitumbua. Nilisema yote nikiwa nimesimama. Hakugeuka. Akaendelea kumimina, akageuza kimoja kimoja, mpaka unga ukaisha. Ndipo akasema kwamba aliapa kwa jina la Mungu mbele ya watu nami nikamfanya muongo. Nikasema ndiyo. Akasema, "Mimi nitakusamehe polepole. Nenda kawaambie waliosikia, halafu kamwambie mwenye mkono wake." Akanipa vitumbua viwili vilivyoungua. Nilivila.

Wa barazani waliobaki ni wawili tu, wengine wametangulia mbele ya haki. Niliwaendea jioni ile ile. Mmoja hakukumbuka hata habari ya mndimu. Fikiria, mwanangu, niliogopa uso wa mtu ambaye hakukumbuka. Wa pili alikumbuka, akaniambia alishangaa tangu siku ile, kwa sababu alikuwa anakuona ukimwagilia kila alasiri akipita kwenda msikitini. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akasema hakutaka kunivunjia heshima. Tulikaa hapo wote wawili, wazee wenye heshima zao.

Jana ndipo nilipokwenda Moa. Nilikuaga naenda kuangalia pampu, na huo nakuahidi ni uongo wangu wa mwisho. Bodaboda alinirusha kwenye mashimo mpaka kofia ikaanguka mara mbili. Shangazi yako alikuwa anaanika mhogo. Shikamoo yangu ya dada mkubwa akaipokea, nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka, akacheka mpaka akakaa chini, halafu ghafla akaacha kucheka na kuanza kulia. Alikuwa analilia kiganja chako. Alisema, miaka yote ile kimekuja kimefunguka mbele yake, naye anafunga ngumi. Akanitukana kwa Kipemba, na kwa Kidigo alichojifunza kwa mumewe, sikujua kama kina matusi marefu kiasi kile. Kisha akapangusa uso akatoa hukumu. Masika yakianza atakayeshika mbegu wa kwanza ni wewe, na asiyegusa hata punje ni mimi. Mimi nitakaa kwenye kichuguu niwinge ndege mpaka siku yangu ya kufa. Nimekubali. Nimekubali kwa furaha ambayo hakuielewa, akadhani namdharau.

Tumu, sijui nikuelezeje nilivyo mwepesi leo. Nilirudi kutoka Moa nikalala mchana kama mtoto mchanga. Leo nimekula sahani mbili za wali, mama yako akaniuliza kama nimepata mimba. Sistahili raha hii, najua, maana bado wewe hujasema lako. Lakini imekuja, na siwezi kuikataa. Alhamdulillahi nimewahi kabla hujapanda gari. Kila nikifikiria kwamba ningeweza kufa na jambo hili kifuani, na wewe ukazeeka na mikono nyuma, nashika ukuta.

Huko uendako miche itakufa. Nakwambia mapema kwa sababu najua siku ya kwanza mmoja ukinyauka utaangalia vidole vyako. Usiangalie vidole. Angalia udongo, angalia maji, angalia tundu la chini kama limeziba, onja kama ulivyoonja. Ulikuwa na miaka kumi na ulikuwa sahihi. Mimi nilikuwa na miaka arobaini na tatu na nilikuwa mpumbavu. Na siku ukikosea wewe, maana utakosea, sema siku hiyo hiyo, hata kama midomo inatetemeka. Sikufundishi adabu, sina haki hiyo leo. Nakusimulia hasara yangu tu.

Tena usidhani nakusukuma kwenye kitalu ili kunipoza moyo. Stoo ni kazi ya heshima. Kama umeipenda kwa sababu unapenda vitabu na utulivu, ichukue na uishike vizuri. Ila usiichukue kwa ajili ya mchanga wangu. Wakikuuliza, jibu kama mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwambia neno juu ya mikono yake. Sijui kama unaweza, baada ya muda wote huu. Mimi nisingeweza. Lakini wewe si mimi, na hilo nalo namshukuru Mungu.

Nilikuwa nimepanga niitie barua hii chini kabisa ya begi, katikati ya sweta, uikute huko Amani ukiwa mbali. Niliona ni vizuri, utapata nafasi ya kulia peke yako. Nimekwisha kuandika mpaka hapa ndipo nimegundua nilichokuwa nakifanya. Nilikuwa nakimbia tena.

Kwa hiyo siitii begini. Nikimaliza mstari huu nitakuja huko uani, nitakupa mkononi, na nitakaa kwenye kile kigoda cha mama yako mbele yako mpaka usome yote. Ni alasiri sasa, gari ni kesho, una muda wa kutosha wa kunikasirikia. Ukimaliza, sema lolote ulilo nalo.

Nitakuamini.

Baba yako,
Makame